Birika Liitwalo Mvua

Siku ile mama alikaa kwenye nyasi
kati ya michungwa, mteremkoni chini ya Pynursla.
Alipumzika. Ndilo kosa lake lote.
Akakunja tambuu, akatafuna, akatema wekundu,
akasema jua la Novemba hii ni la kuanika mifupa.

Mdharau mwiba mguu huota tende,
ila huu haukuwa mwiba, wala hapakuwa na cha kudharau:
mtoto wa utitiri,
mdogo kuliko nukta ya mwisho wa mstari huu.
Hata jicho la kuchambua mchele lisingemwona
akipanda kifundoni, akipita gotini,
akitafuta penye joto na pasipo na upepo.
Akatoboa, akashiba, akashuka,
akaenda zake bila kujua alichoacha.

Siku ya tisa homa. Tukaiita malaria.
Kipimo kikakataa. Tukaiita uchovu.
Muuza dawa akatupa vidonge vya maumivu.
Kichwa, alisema mama. Kichwa.
Kama mtu anapasua kuni humu ndani.

Kisha maneno yakaanza kuhama nyumba.
Birika aliliita mvua.
Mimi aliniita Larisuk,
dada yake, aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Usiku vidole vyake vilichuma machungwa kwenye blanketi,
na kila alipofika arobaini
alianza upya, analia kwamba ameibiwa.

Mimi ni kitindamimba.
Kwetu Wakhasi nyumba humwangukia binti wa mwisho:
paa, vyungu, mifupa ya wazee, na mama.
Hakuna aliyeniambia nitarithi na usiku huu.

Alfajiri shingo yake ilikuwa gogo.
Halafu degedege.
Gari la Bah Skhem, ukungu, kona baada ya kona hadi Shillong,
nami nimemlaza ubavu mapajani,
nampangusa povu kwa ncha ya shali yangu.

Wakamchoma mgongoni wakatoa maji ya uti.
Niliyaona kichupani: maangavu, hayana hatia.
Wakapiga picha ya ubongo.
Daktari Kharsati akauliza: mbwa? mbu? nguruwe?
Mbwa hapana, nikasema. Mbu wapo. Nguruwe ni wa jirani.

Wote walikuwa wakitazama kichwa.

Ni Daphisha, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliyekuja na beseni la maji ya uvuguvugu
kwa sababu mgonjwa alinuka jasho, basi.
Akanyanyua titi la kushoto apanguse chini yake.
“Hm,” akasema,
kama mtu aliyeona kifungo alichokitafuta juzi.
Kigaga cheusi, kama punje ya dengu,
na duara jekundu kukizunguka,
kama vile mtu amezimia hapo sigara.
Hakiumi. Hakiwashi. Mama mwenyewe hakukijua.
Chini ya titi nililonyonya mimi wa mwisho,
ndipo mlango ulipokuwa.

Dawa ilikuwa kabatini muda wote,
bei yake chini ya nauli yetu.
Siku ya tatu mama akafumbua macho
akauliza nani analisha kuku.

Sikio la kushoto halikurudi.
Mkono hutetemeka akipaka chokaa kwenye tambuu,
nusu inamwagikia mapajani, naye anatukana kidogo.

Sasa kila atokapo shambani
ananyanyua mikono kabla sijamwambia.
Naanzia nyuma ya masikio, makwapani,
kiunoni, chini ya matiti.
Hivi ndivyo alivyonitafuta chawa
kichwa changu magotini pake, akinikaripia nisitikisike.
“Tulia,” namwambia sikio la kulia.

Maneno yote yamerudi ila moja,
na hilo hatulisahihishi.
“Mvua imechemka?” anauliza.
Nachungulia jikoni.
Bado, mama. Mvuke tu.